Nyuzi Mpya, Gitaa Lilelile?

Wapiga gitaa la umeme wana ubishi wao wa kudumu, na hauhusu nani fundi zaidi wa solo. Unahusu namna ya kubadilisha nyuzi. Kundi moja linashikilia kwamba nyuzi zote sita zitolewe kwa mpigo, ubao ufutwe jasho na vumbi la miezi, kisha zifungwe mpya. Kundi la pili linaona huko ni kulitesa gitaa: toa uzi mmoja, funga mwingine mahali pake, utuni, ndipo uende kwa wa pili. Hoja ya kundi hili ina fizikia ndani yake. Nyuzi za unene wa kawaida, zile zinazoitwa namba kumi kwa sababu uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010, zikishakazwa sawasawa huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 45 hivi, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Ndani ya shingo imepitishwa fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili ili isipinde. Ukitoa nyuzi zote, fimbo inabaki ikivuta peke yake na shingo inajirudi nyuma kidogo.

Kwa kweli hakuna madhara makubwa. Shingo ikivutwa tena hurudi mahali pake, na mafundi wengi hutoa nyuzi zote bila wasiwasi. Lakini ubishi hauishi, kwa sababu chini yake kuna swali ambalo fizikia hailijibu. Anayebadilisha uzi mmoja mmoja hakai hata dakika moja bila gitaa mkononi. Anayetoa zote ana kipande cha mbao chenye sumaku, kitu kisichoweza kutoa sauti yoyote ya maana mpaka amalize kazi. Mwishoni wote wawili wanashika gitaa lenye nyuzi mpya na kuliita lilelile la jana. Je, wana haki sawa ya kuliita hivyo?

Swali hilo lina uzito wa pekee Ibadakuli. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga inajulikana zaidi kwa uwanja wake wa ndege, lakini imo katika ukanda ambako gitaa la umeme ni chombo cha ibada. Misheni ya Africa Inland iliingia nchini mwaka 1909 kupitia Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, ikasambaa Usukumani, na alama yake mojawapo ni hospitali kongwe ya Kolandoto, mwendo mfupi kutoka Ibadakuli. Kanisa lililotokana na misheni hiyo, AICT, limelea kwaya zinazopiga solo, ridhim na besi kwa ustadi ambao bendi za dansi haziwezi kuubeza. Kwaya ya AIC Shinyanga ni jina ambalo wapenzi wa nyimbo za injili wamelisikia hata huko wasikojua Shinyanga iko upande gani wa ramani.

Tuseme basi kwaya moja ya ukanda huo ina gitaa la solo lililonunuliwa kwa michango ya waumini zamani. Nyuzi zimebadilishwa mara zisizohesabika, maana jasho la mpigaji na vumbi huingia kwenye mizunguko ya nyuzi nene, kutu hushika, na uzi uliochoka hupoteza mlio hata kabla ya kukatika. Baadaye funguo za kukazia zililegea, zikawekwa nyingine. Pikapu moja iliungua, ikang'olewa. Shingo ilivunjika gitaa lilipoanguka kutoka kwenye gari la kwenda mkutano wa injili, ikanunuliwa shingo ya gitaa bovu. Mwishowe hata kiwiliwili kilipasuka, fundi seremala akachonga kingine kwa mninga. Daftari la mali za kanisa bado linasema: gitaa la solo, moja. Je, daftari linadanganya?

Wagiriki waliuliza hivyohivyo kuhusu jahazi. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka nzima, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni ileile, wengine wakikana. Kwa mambo ya kila siku watu hawajisumbui hivyo. Uwanja wa ndege wa Ibadakuli ulipoanza kufumuliwa ili njia yake ya changarawe iwe ya lami, hakuna aliyeuliza kama ndege zitatua kwenye uwanja mwingine.

Ila ukanda huu una bahati. Umejaliwa vitu viwili ardhini ambavyo, vikiwekwa kando ya gitaa, vinaonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa kilekile kwa njia zaidi ya moja.

Cha kwanza ni dhahabu. Mchimbaji mdogo akitoa mawe kwenye duara, akayasaga kwenye karasha, akainasa dhahabu kwa zebaki na kuichoma, anachopeleka sokoni ni gramu. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo gramu za watu wa kila namna zimepita kwenye mizani yake. Zikiyeyushwa pamoja na za jirani, hakuna swali lenye maana la kuuliza zipi zilikuwa za nani. Mwenye mali anadai uzito na usafi, basi. Pete ya bibi ikitiwa kwenye tanuri, pete imekufa ingawa dhahabu haijapungua hata chembe. Dhahabu haina jina.

Almasi inalo. Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui ambao mwanajiolojia Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5. Ilitolewa kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilipokatwa London mwaka uliofuata, zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda kuwa vipande na vumbi, na umbo lake lote likageuka. Hata hivyo, kila anayeitazama kwenye bruchi ya malkia yule anaambiwa kwamba hii ndiyo iliyotoka Mwadui, na anayemwambia hakosei. Uleule wake uko kwenye historia: unaweza kuifuatilia hatua kwa hatua kutoka shimoni mpaka kwenye nguo, bila mahali ambapo mnyororo umekatika.

Gitaa halifuati sheria ya dhahabu. Chuma chake na nikeli yake havina umuhimu wowote mradi ni chuma na nikeli (nikeli ambayo imejaa ardhini Kabanga, Ngara, huku nyuzi zenyewe zikiendelea kuja kutoka ng'ambo). Pikapu inachotaka ni waya unaovutwa na sumaku. Uzi wa nailoni ungetikisika juu yake bila amplifaya kusikia kitu. Gitaa halifuati hata sheria ya almasi moja kwa moja, kwa sababu almasi ilipungua tu, haikuongezewa kitu kigeni. Gitaa linaishi kwa kupokea kigeni. Linabaki gitaa la kwaya kwa mpangilio wake na kwa kazi yake, na kwa sababu kila sehemu mpya ilikuta zilizotangulia zingali zinafanya kazi.

Historia ya muziki wa dansi Tanzania inalithibitisha hilo vizuri kuliko jahazi la Theseus. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa, na waajiriwa huondoka. Muhiddin Maalim Gurumo, mmoja wa waanzilishi, alihamia Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound mwaka 1985, akarudi Msondo, na kufariki Aprili 2014 akiwa ameacha sauti yake katika bendi tatu. Kila alipoondoka mashabiki wangeweza kutabiri kifo cha bendi aliyoiacha. Msondo haikufa. Jina, wanamuziki na vyombo vyote vimebadilika, na bado mzee wa Ilala akisikia tarumbeta zake anajua ni wale.

Mpaka hapa swali ni la kufurahisha akili. Linakuwa la dini pale gitaa linapowekwa kando na akatazamwa mpigaji.

Watu hupenda kusema kwamba mwili wa binadamu hubadilika wote kila baada ya miaka saba. Si kweli, na ukweli wenyewe unavutia zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, wakiongozwa na Jonas Frisén, walieleza njia ya kupima umri wa seli kwa kutumia kaboni-14 iliyomwagika angani wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia. Njia hiyo, pamoja na vipimo vya zamani zaidi, inaonyesha mwili wenye ratiba nyingi tofauti. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kwa siku chache. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Sugu kwenye ncha za vidole vya mpiga solo hubanduka na kuota tena daima. Misuli ya moyo hubadilishwa polepole mno, chini ya nusu yake katika maisha yote. Na seli nyingi za neva za gamba la ubongo ni zilezile ambazo mtu alikuwa nazo utotoni. Mwili, kwa maneno mengine, ni wa lile kundi la pili la wapiga gitaa: unabadilisha uzi mmoja mmoja, na kuna nyuzi ambazo hauzigusi kabisa.

Mauti ndiyo hutoa zote kwa mpigo.

Hapo ndipo swali la Ibadakuli linapokutana na chumba cha gereza mjini Athene, mwaka 399 kabla ya Kristo. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaedo, anasimulia siku ya mwisho ya Socrates kabla ya kunywa sumu. Rafiki zake wamemzunguka, na yeye anawaeleza kwa utulivu kwa nini roho haifi. Simmias, kijana kutoka Thebes, hakubaliani, na pingamizi lake lingeweza kutoka kwa mtu yeyote aliyewahi kushika chombo cha nyuzi. Roho, anasema, ni kwa mwili kama tuni ilivyo kwa kinubi. Tuni haionekani, haishikiki, ina uzuri unaofanana na mambo ya kimungu. Kinubi ni mbao na nyuzi tu, vitu vya kufa. Lakini vunja kinubi, kata nyuzi zake, uone ni kipi kinachotangulia kupotea. Vipande vya mbao utavikuta mwaka ujao. Tuni imekwisha papo hapo.

Mwenzake Cebes anaongeza pingamizi jingine lenye ukatili wa kimyakimya. Yeye anatoa mfano wa mfumaji: mzee aliyejifumia nguo nyingi na kuzichakaza zote, lakini ile ya mwisho ikabaki nzima yeye alipokufa. Mpiga gitaa ni hivyohivyo. Amemaliza seti kadhaa za nyuzi maishani mwake, na mtu angeweza kujenga hoja kwamba basi yeye ni wa kudumu kuliko nyuzi. Kisha anafariki, na seti ya mwisho iko pale ukutani, bado inalia ukiigusa.

Socrates anajibu kwa hoja kadhaa. Anasema wamekwisha kukubaliana kwamba kujifunza ni kukumbuka, hivyo roho ilikuwapo kabla ya mwili, na tuni haiwezi kuwapo kabla ya kinubi. Anaongeza kwamba tuni hufuata nyuzi zake, ilhali roho huupinga mwili: mtu ana kiu na bado anakataa kunywa. Ni majibu ya mtu mwerevu, na kwa heshima zote za mzee anayekaribia kufa, hayatoshi. Hoja ya kwanza inamfaa aliyekwisha kuamini kwamba tuliishi kabla ya kuzaliwa. Wakristo walio wengi hawaamini hivyo. Ya pili inapinduliwa na daktari yeyote ambaye amemwona mgonjwa akibadilika tabia kwa sababu ya uvimbe kwenye ubongo.

Kuna jibu lingine ambalo Socrates hakulitoa, na linaonekana waziwazi kwenye kazi ya kubadilisha nyuzi. Simmias alidhani kwamba nyumba pekee ya tuni ni kinubi. Sivyo. Fundi akishafunga nyuzi mpya, zimelegea, hazina sauti inayoeleweka. Hakuna chembe ya ile tuni ya jana popote kwenye gitaa. Anaitoa wapi? Anaitoa nje. Anabonyeza kinanda cha kwaya, au anatazama programu kwenye simu, au kama ana sikio la zamani anaitoa kichwani mwake. Uzi wa tano utakazwa mpaka utoe mitetemo 110 kwa sekunde, robo kamili ya zile 440 ambazo mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939 uliziweka kuwa kipimo, na nyingine zote zitafuata kutoka hapo. Simmias alikuwa sahihi kwamba tuni haidumu ndani ya chombo kilichovunjika. Alikosea kudhani kwamba kwa hiyo imepotea. Haijapotea maadamu yuko anayeijua.

Hilo halithibitishi kwamba wafu watafufuliwa, na wanaolichukua kuwa uthibitisho wanajidanganya. Kinachofanyika ni kuhamisha swali. Mwenye imani hahitaji tena kutafuta ndani ya mtu kipande kigumu kisichooza. Anahitaji kuamini kwamba yuko Fundi asiyesahau.

Maandiko ya dini zote mbili kubwa za Tanzania yanaegemea upande huo, kila moja kwa namna yake. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anafananisha mwili na mbegu na kuwaambia waziwazi kwamba kinachopandwa sicho mwili utakaokuwako. Mungu huipa mbegu mwili apendavyo. Kurani, katika sura ya 75, inamjibu anayedhani mifupa haiwezi kukusanywa kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu anaweza kuzitengeneza sawasawa hata ncha za vidole vyake. Mpiga solo anayesikia aya hiyo ana sababu yake binafsi ya kuitafakari. Pamoja na hayo, hadithi sahihi za Mtume zinataja mfupa wa kifandugu kuwa sehemu isiyoliwa na ardhi, ambayo kutokana nayo mtu ataumbwa upya. Uzi mmoja, basi, hautolewi.

Mtakatifu Agustino naye alihangaika na uzani. Katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu anauliza nyama ya mtu aliyeliwa na mwenzake wakati wa njaa itafufuka na nani, na anaamua kwamba itarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Kwingine anatoa mfano wa sanamu ya madini iliyoyeyushwa: fundi akiisubu upya kutoka tonge lilelile, hakuna haja kwamba chembe iliyokuwa mkononi irudi mkononi. Mfano huo ungeeleweka haraka kwenye soko la Geita, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Agustino anamdai Mungu gramu. Anamtazama mtu kama dhahabu, wakati mwili, hata ungali hai, haujawahi kushikilia gramu zake kwa muda mrefu.

Karne ya 20 ilileta watu wawili waliokaribia jibu la sikio la fundi bila kulitaja. John Polkinghorne, mwanafizikia wa Cambridge aliyeacha uprofesa akawa kasisi wa Kianglikana, alifundisha kwamba roho ni ruwaza ya habari inayobebwa na mwili, na kwamba mtu akifa Mungu anaihifadhi katika kumbukumbu yake mpaka atakapoipa mwili mwingine. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jinsi jamii nyingi za bara hili zinavyowahesabu marehemu wa karibuni kuwa wafu walio hai, maadamu bado wapo wanaowakumbuka kwa majina. Mtu wa mwisho aliyewajua akifa, nao huzama katika kile Mbiti alichokiita Zamani. Mbiti alikuwa Mkristo, na alijua vizuri tofauti iliyopo: kumbukumbu ya wajukuu ina mwisho. Anayetafuta uzima wa milele katika kukumbukwa lazima apate mkumbukaji asiyekufa.

Je, kukumbukwa kunatosha? Hapana, na gitaa ndilo linaloonyesha kwa nini. Magitaa kumi yakituniwa sawasawa hayawi gitaa moja. Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliusukuma mfano wa Theseus mpaka ukingoni: je, kama mtu angezikusanya mbao zote kuukuu na kuziunga upya? Kungekuwa na merikebu mbili, kila moja ikidai ndiyo yenyewe. Kwenye nyuzi jambo hilo hutokea. Mtoto anayejiundia gitaa la kopo na mti, ambaye siku nyingine angetumia nyaya za breki ya baiskeli, huokota nyuzi zilizotupwa na kwaya na kuzifunga kwenye lake. Hakuna mjumbe wa kwaya atakayemwambia kwamba sasa ana gitaa la kanisa. Na kama Mungu anahifadhi ruwaza tu, ni nini kinachozuia ruwaza hiyo ipewe miili miwili, na ni yupi kati yao atakayekuwa marehemu? Wakosoaji wa Polkinghorne wana haki ya kuuliza hivyo.

Kinachokosekana kwenye tuni kinapatikana kwenye almasi: historia. Ili mtu awe yuleyule, lazima awe ndiye aliyetenda yale, aliyeahidi yale, aliyekopa. John Locke aliliona hilo mapema aliposema kwamba nafsi ni neno la mahakama, la kuhusisha vitendo na mwenyewe. Daftari la mali za kanisa halidanganyi kwa sababu linafuatilia mnyororo wa matengenezo, na kila tengenezo lilifanyika kwa ajili ya gitaa hilo. Mtu naye ana daftari lake.

Na hapo ndipo makanisa yenye uamsho ya ukanda wa dhahabu, ambako wapiga gitaa wengi wa baa huokoka na kuhamia madhabahuni, yanapokabiliwa na swali lao gumu. Mjadala wa kwanza huwa juu ya chombo: gitaa lililopigwa Jumamosi kwenye kilabu linafaa kweli Jumapili? Wapo wanaoona ni heri hata nyuzi zibadilishwe kwanza. Jambo hilo halikuanzia Kahama. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba vyombo vya nyuzi vinakatazwa kwa kuwa vilikuwa alama ya vikao vya walevi; kasoro haikuwa kwenye sauti yenyewe. Ukifuata hoja yake, najisi haiko kwenye waya. Kubadilisha nyuzi hakulitakasi gitaa, kama ambavyo kuziacha hakulichafui.

Mjadala wa pili, ulio mzito zaidi, ni juu ya mpigaji. Wahubiri husema, wakimfuata Paulo, kwamba aliye ndani ya Kristo ni kiumbe kipya na ya kale yamepita. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947 aliyeijenga Super Matimila na kuwaimbia walalahoi wa Dar es Salaam, katika miaka yake ya mwisho aliokoka na kugeukia nyimbo za injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Nyuzi zake, tunaweza kusema, zilitolewa zote. Lakini kituo cha daladala Sinza kiliendelea kuitwa kwa Remmy, na hakuna aliyedhani kwamba mtu aliyeimba injili hakuwa yule wa Matimila. Utamu wa ushuhuda wake ulitegemea kwamba ni yeye.

Injili ya Luka ina mfano mkali zaidi. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alibadilika ndani ya siku moja, na mtu huyo mpya akatangaza papo hapo kwamba aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Hakusema kwamba aliyedhulumu alikuwa Zakayo wa zamani. Upya wake ulionekana katika kulikubali daftari la zamani kuwa lake, na bila kukubali huko kusingekuwa na mtu wa kuokolewa. Pangekuwa na mmoja aliyetoweka na mwingine aliyetokea.

Kwa hiyo wachungaji wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaowapokea wapiga solo kutoka kwenye bendi wanapaswa kuuliza swali moja zaidi kabla ya kuwakabidhi gitaa la kwaya: kule walikotoka wameacha nini? Mpiga gitaa aliyebatizwa Jumapili akawa kiumbe kipya, Jumatatu asubuhi bado anadaiwa amplifaya na mwenye bendi, na hakuna mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kulifuta deni hilo.